Kadi na Kiasi: Asili ya Ubao wa Kazi

Ubao wa kazi ambao watu wengi siku hizi huufungua katika simu zao asubuhi kabla ya kushika shughuli yoyote, wenye safu tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu, ya kwanza ya mambo yanayongoja, ya pili ya mambo yaliyo mkononi na ya tatu ya mambo yaliyokwisha, huonekana kuwa ni kitu kipya kabisa, zao la kompyuta na intaneti, kilichobuniwa na vijana wa zama hizi ili kuwapunguzia wenye shughuli nyingi taabu ya kukumbuka. Asili yake ni ya mbali zaidi. Ulizaliwa katika karakana ya mashine nchini Japani, katika siku za dhiki baada ya vita, mikononi mwa watu waliofanya kazi kati ya chuma na grisi, na nasaba yake yafika nyuma hata kwenye vitanda vya wafumaji wa nguo. Nataka kuisimulia nasaba hiyo kwa urefu, kwa kuwa naamini kwamba mtu aujuaye ubao huu kwa sura yake tu, asijue ulitoka wapi wala uliwekwa kwa ajili gani, aghalabu huutumia kama daftari la kuandikia matamanio yake, ilhali waliouanzisha waliukusudia uwe kizuizi cha matamanio hayo.

Tuanze na uzi. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mwana wa seremala katika kijiji cha mkoa wa Shizuoka, akakua akiwaona wanawake wa kwao wakifuma nguo kwa vitanda vya mkono, kazi ya kuchosha mgongo na macho na yenye ujira haba. Mwaka 1891 alipewa hataza ya kitanda cha mbao alichokitengeneza ili kuwapunguzia wafumaji taabu, na tangu hapo hakuiacha kazi hiyo, hata mwaka 1924, pamoja na mwanawe Kiichiro, akakamilisha mashine ya kufumia iliyojiendesha yenyewe. Sifa kubwa ya mashine zake haikuwa mwendo wa kasi. Uzi mmoja wa mtande au wa mshindio ukikatika, mashine ilisimama papo hapo bila ya kuamriwa na mtu. Faida ya jambo hilo yataka kufikiriwa. Mashine isiyojua kusimama huendelea kufuma nguo mbovu dhiraa kwa dhiraa mpaka mtu aitambue, na kwa hiyo kila mashine huhitaji mlinzi wake. Bali mashine inayosimama kwa kosa lake humwachia mfanyakazi mmoja nafasi ya kuangalia nyingi, wala haimharibii uzi wake. Kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, iliyokuwa katika mstari wa mbele wa watengenezaji wa mashine za nguo nchini Uingereza, ilikubali mwaka 1929 kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuitengeneza. Hivyo katika nyumba ya Toyoda lilitangulia fundisho ambalo lingerejea baadaye katika sura nyingine, yaani kwamba kujua kusimama ni sehemu ya kujua kazi.

Sakichi alifariki mwaka 1930. Kiichiro, mhandisi ambaye moyo wake ulivutwa na motokaa kuliko nguo, aliasisi kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na mwaka uliofuata akafungua kiwanda kikubwa katika mji wa Koromo, ambao mwaka 1959 ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota. Huko alitangaza rai yake kwamba kila kipuri kifike mahali kinapotakiwa na wakati kinapotakiwa, kisikawie wala kisitangulie. Rai hiyo haikupata kustawi, kwa maana vita vilikuja vikaishika nchi nzima, na baada ya vita ukaja ufukara. Mwaka 1950 kampuni ilielemewa na madeni, wafanyakazi wengi wakaachishwa, mgomo mrefu ukazuka, na Kiichiro akajiuzulu kwa kubeba dhamana ya mambo hayo. Akafariki mwaka 1952. Katika mwaka huohuo wa 1950 jamaa yake Eiji Toyoda alisafiri kwenda Marekani akazuru kiwanda cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit. Toyota, katika miaka yake 13 tangu kuasisiwa, ilikuwa imetengeneza magari madogo 2,685 tu; River Rouge ilitoa 7,000 kwa siku moja.

Mtu mwingine angelitazama pengo hilo akakata tamaa, au angelitaka kuwaiga Wamarekani kwa kila jambo. Lakini mfumo wa Ford ulisimama juu ya wingi. Mashine moja ilipiga maelfu ya vipuri vya namna moja, vikarundikwa ghalani, kisha ikabadilishwa kwa saa nyingi ili ipige maelfu ya namna nyingine. Na gharama ya kurundika haikuwaumiza wenye mali nyingi na soko pana. Toyota haikuwa na fedha ya kuilaza ghalani, wala haikuwa na wanunuzi wa kutosha wa gari la namna moja. Ilibidi itengeneze magari machache ya namna nyingi, kwa gharama ndogo, bila ya kuweka kitu chochote ambacho hakijatakiwa. Dhiki ndiyo iliyowafundisha kiasi.

Mtu aliyeligeuza jambo hilo kuwa amali ya kila siku ni Taiichi Ohno, aliyezaliwa mwaka 1912 katika mji wa Dalian nchini China, akaingia mwaka 1932 katika kiwanda cha nguo cha jamaa ya Toyoda, akahamishiwa kwenye magari mwaka 1943. Alitoka basi kwenye mashine zinazojua kusimama. Alipokabidhiwa karakana ya mashine huko Koromo aliona kwamba kila idara ilitengeneza kwa kadiri ya nguvu zake na kuisukumia idara inayofuata, ihitaji isihitaji, hata njia zikazibwa na marundo ya vipuri huku fundi wa mwisho akikosa kipuri kimoja kilicho muhimu. Mwanzoni mwa mwezi magari hayakuweza kuungwa kwa sababu vipuri havijatimia, na mwishoni mwa mwezi watu walikimbizana usiku na mchana ili hesabu ya mwezi isipungue. Ohno aliigeuza njia yote. Badala ya idara ya kwanza kusukuma, aliamuru idara ya mwisho ije kuvuta: mwenye kuunga gari aende mwenyewe kwa mwenye kutengeneza giaboksi, achukue kiasi anachokitumia wakati ule, naye aliyechukuliwa atengeneze kiasi kilekile kilichoondoka, asizidishe hata kimoja.

Mfano wa tadbiri hiyo aliupata katika biashara ya vyakula. Katika mwezi wa Septemba mwaka 1916, Clarence Saunders alifungua mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, duka aliloliita Piggly Wiggly, ambamo mnunuzi, badala ya kusimama mbele ya meza na kumwagiza karani amletee vitu, alipewa kikapu akapita mwenyewe kati ya rafu, akachukua alichotaka na kulipa mlangoni wakati wa kutoka. Duka la namna hiyo lilienea Marekani na kuwa supamaketi. Ohno alisikia habari zake mapema baada ya vita, na aliposafiri kwenda Marekani mwaka 1956 alipata kuyaona maduka hayo kwa macho yake. Mshangao wake haukuwa kwa wingi wa bidhaa. Aliona kwamba katika duka lile mnunuzi ndiye anayeamuru: anachukua kitu anachokihitaji, kwa kiasi anachokihitaji, wakati anapokihitaji, na mwenye duka hujaza nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi iliyo wazi ndiyo agizo. Hakuna haja ya mkubwa wa kubashiri kutoka ofisini watu watakula nini kesho.

Lakini karakana si duka, na kutoka idara moja hadi nyingine palikuwa na mwendo wa mbali, kwa hiyo ilihitajika ishara ya kulipeleka agizo lile kwa uaminifu. Ishara hiyo ikawa kadi, ambayo Wajapani waliiita kanban, na karakana ya Ohno ikaanza kuitumia mwaka 1953. Ilikuwa karatasi ndogo iliyotiwa katika mfuko wa plastiki ili grisi isiiharibu, imeandikwa jina la kipuri, namba yake, idadi inayotiwa katika kasha moja, mahali kinapotoka na mahali kinapokwenda. Kila kasha lilikuwa na kadi yake. Fundi alipoanza kulitumia kasha, aliing'oa kadi akaitia katika kisanduku. Mchukuzi akazikusanya kadi hizo akazipeleka nyuma kwa watengenezaji. Nao walipoiona kadi walijua kwamba kasha moja limetumika na moja lazima litengenezwe. Kadi ikarudi pamoja na kasha jipya, na mzunguko ukaanza tena.

Uzuri wa tadbiri hii umo katika hesabu yake. Ikiwa kasha moja lachukua vipuri 20, na karakana imepewa kadi tano kwa kipuri hicho, basi vipuri vilivyomo katika mzunguko wote haviwezi kuzidi 100, hata mafundi wafanye bidii namna gani. Kadi zikiisha mkononi mwa mtengenezaji, kazi yake ni kungoja. Sharti la kwanza la kadi lilikuwa kwamba idara ya mbele huja kuchukua kwa kiasi kilichoandikwa, na idara ya nyuma hutengeneza kiasi hicho kwa utaratibu uleule. Sharti lililofuata likasema kwamba hakuna kitu kinachotengenezwa wala kuchukuliwa bila ya kadi. Na jingine likakataza kipuri kibovu kisipelekwe mbele. Sharti la mwisho ndilo lililo gumu kuliko yote: idadi ya kadi ipunguzwe kidogo kidogo. Kwa kuwa marundo huficha maradhi. Mashine inayoharibika mara kwa mara haiudhi mtu maadamu nyuma yake kuna akiba ya siku kumi. Kadi zikipungua akiba hupungua, na uharibifu hudhihirika siku ileile, ukalazimisha watu wautafutie dawa. Ohno alihesabu aina saba za israfu katika kazi, na iliyo mbaya kupita zote, kwa rai yake, ni kutengeneza kitu kabla ya kuhitajiwa, maana hiyo huzaa nyingine zote.

Jambo hili halikukubaliwa kwa urahisi. Mafundi waliozoea kulinda mashine moja waliona wanaongezewa kazi, na wakuu wa idara waliozoea kujivunia marundo yao waliona wanaambiwa wakae bure. Ilichukua miaka kumi hivi kuifikisha kadi katika kampuni nzima, na katika miaka ya 1960 ikawafikia hata watengenezaji wa vipuri walio nje ya Toyota. Ulimwengu haukuitazama sana mpaka ilipokuja taharuki ya mafuta ya mwaka 1973, wakati viwanda vingi vya Japani vilipotindikiwa na wanunuzi huku maghala yao yamejaa, na Toyota ikaonekana kuinuka upesi kuliko wenzake. Mwaka 1978 Ohno aliueleza mfumo wake katika kitabu, ambacho miaka kumi baadaye kilitolewa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua pamoja kiwanda huko Fremont, California, na wafanyakazi wa Kimarekani wakaifanya kazi ileile kwa ustadi, ikabainika kwamba tadbiri hii haikuwa siri ya damu ya Wajapani bali ni elimu inayofundishika. Hata kwetu, ambako gari la Toyota limekuwa mwenyeji katika kila njia ya lami na ya vumbi, matawi ya elimu hiyo yalifika: tangu mwaka 2007 hospitali za Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikitangulia, zilianza kufundishwa utaratibu wa Kijapani wa kupanga vifaa na mahali pa kazi.

Haki yataka yasemwe pia madhara yake. Mwaka 1972 mwandishi Satoshi Kamata alijiandikisha kuwa kibarua wa muda katika kiwanda cha Toyota, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichoeleza kasi ya kutisha, viungo vilivyochoka na watu waliofanywa watumwa wa mkanda unaosogea bila ya huruma. Ushahidi wake hauwezi kupuuzwa. Kadi iliyobuniwa ili kuzuia kazi isiyo na haja yaweza, mikononi mwa mkubwa anayetazama hesabu peke yake, kugeuka kuwa mjeledi. Kadhalika, asiyeweka akiba yumo katika hatari ya kukatiwa ghafula. Tarehe 1 Februari mwaka 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya kilichotengeneza takriban vali zote za breki za Toyota, na kwa kuwa vali zilizokuwa mkononi zilikuwa za saa chache tu, mikono ya mafundi ikasimama katika karibu viwanda vyote vya Toyota nchini Japani. Makampuni mengi, mengine hayajawahi kutengeneza vali maishani mwao, yaligawana michoro yakazitengeneza kwa mashine zozote yalizokuwa nazo, na kabla ya majuma mawili kwisha magari yalikuwa yakitoka kama zamani. Moto huo ulionyesha udhaifu wa mfumo, na pia nguvu yake, kwa maana watu waliozoea kuyaona matatizo mapema walijua kuyaendea pamoja.

Sasa tuone jinsi kadi ilivyoacha chuma ikaingia katika kazi ya fikra. Jambo la kwanza lililosaidia lilikuwa dogo. Mwaka 1968, katika kampuni ya 3M ya Marekani, mkemia Spencer Silver aliyekuwa akitafuta gundi yenye nguvu alipata gundi dhaifu, inayonata na kubanduka bila ya kuacha alama. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry akaifikiria kwa ajili ya alama za kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Na mwaka 1980 vikaratasi vya kunata vikauzwa Marekani nzima. Kikaratasi kile kiliweza kuhamishwa mara nyingi kutoka mahali pamoja kwenda pengine ukutani, na sifa hiyo ndiyo ambayo kadi ya kazi ilikuwa ikiingojea.

La pili lilitokana na waandishi wa programu za kompyuta. Kazi yao ina msiba wake wa pekee, kwamba haionekani. Rundo la vipuri huziba njia na kila mpita njia hulikwaa, ila rundo la kazi zilizoanzwa na kuachwa nusu ndani ya kompyuta halimzuii mtu kupita, na kwa sababu hiyo hukua bila ya kukemewa. Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walieleza matumizi ya kadi ndogo katika kufikiria muundo wa programu. Na mwezi wa Februari mwaka 2001 watu 17 wa fani hiyo, Beck na Cunningham wakiwamo, walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko la kutaka programu inayofanya kazi itolewe mara kwa mara, kwa vipindi vifupi. Kisha David Anderson, mwaka 2004, alishauri kikosi cha Microsoft kilichokuwa na sifa mbaya ya kuchelewesha maombi kwa miezi. Dawa haikuwa kuongeza saa za kazi. Waliacha kupokea kazi mpya ovyo, wakaweka mpaka wa kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja, na muda wa kungoja ukashuka kutoka miezi hadi majuma. Katika kampuni ya picha ya Corbis, huko Seattle, mwaka 2006 na 2007, fikra hiyo ilivaa umbo tunalolijua leo: ubao ukutani, safu zilizochorwa, vikaratasi vikihama kutoka kushoto kwenda kulia, na juu ya kila safu imeandikwa namba ya kazi zisizoruhusiwa kuzidi. Mwaka 2010 Anderson aliyakusanya hayo katika kitabu, na mwaka uliofuata Jim Benson na Tonianne DeMaria Barry wakatoa kitabu kilichomletea mtu mmoja mmoja ubao huo nyumbani kwake, kwa kanuni mbili tu: ifanye kazi yako ionekane, na uwekee mpaka kazi iliyo mkononi.

Katika mwaka huohuo wa 2011 kampuni ya Fog Creek ya New York ilizindua Trello, ubao wa safu na kadi ndani ya kompyuta na simu, nao ukapokewa na watu wengi kiasi kwamba mwezi wa Januari mwaka 2017 kampuni ya Atlassian ya Australia iliununua kwa dola milioni 425. Wengine wengi walifuata. Kadi yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza safari ya kuingia katika mashine: mwaka 1994 katika kampuni ya Denso, inayoitengenezea Toyota vipuri, Masahiro Hara na wenzake walibuni msimbo wa QR, ule mraba wa vidoto vyeusi na vyeupe, kwa kuwa misimbo ya mistari ya zamani haikuweza kubeba habari zote zilizotakiwa kuandikwa juu ya makasha. Leo mnunuzi wa Kariakoo au wa Nairobi anayeelekeza simu yake kwenye mraba huo ili alipe, analipa kwa alama iliyozaliwa katika njia zilezile zilizopitwa na kadi za Ohno.

Faida za ubao wa kidijitali hazina ubishi. Wasafiri huwa nao kila waendako; watu walio Mombasa, Muscat na London huuona kwa saa moja; kadi moja hubeba tarehe, picha na mazungumzo yote yaliyoihusu; na maadamu umehifadhiwa mahali pa amani, upepo hauupeperushi. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari wangaliushukuru, kwa maana wakati ni mali, na wengi wetu huupoteza bila ya kujua umekwenda wapi. Lakini katika kuhama kutoka ukutani hadi kwenye kioo cha simu kimepotea kitu ambacho nasaba nzima niliyoieleza ilijengwa juu yake. Kadi ya Ohno ilikuwa na mwili. Zilikuwa tano, na ya sita haikuwapo. Ubao wa ukuta ulikuwa na kingo, na vikaratasi vilipojaa vilianza kupandana, kila mtu akaona. Kadi ya simuni haina gharama wala haichukui nafasi. Mtu aweza kuandika mia moja kabla ya chakula cha asubuhi, na kioo kitateremka chini bila ya mwisho wala manung'uniko. Ndipo ubao unapoirudia hali ya karakana kabla ya Ohno, kila mmoja akisukuma na marundo yakipanda, tofauti ikiwa ni moja tu, kwamba sasa marundo hayo yameandikwa vizuri.

Nayo hesabu haina upendeleo. Mwaka 1961 msomi wa Marekani John Little alithibitisha kanuni inayosema kwamba wastani wa muda ambao kitu hukaa katika foleni ni idadi ya vitu vilivyomo ikigawanywa kwa kadiri ya vinavyotoka. Fundi cherehani mwenye nguo 12 mkononi, anayemaliza tatu kwa juma, atamweka kila mteja majuma manne. Akipokea sita tu kwa wakati mmoja, kwa mikono ileile na cherehani ileile, atamweka majuma mawili. Hakuongeza bidii. Alipunguza ahadi. Jahazi halizami kwa ubaya wa shehena yake, laweza kupakiwa dhahabu tupu likazama, bali huzama kwa wingi, na nahodha mwenye akili hukataa mzigo mwema pindi maji yafikapo alama. Mshika mawili, moja humponyoka. Na anayeshika kumi hupitisha siku nzima akiokota yaliyomponyoka.

Kwa hiyo mwenye kutaka siku zake ziwe na nidhamu kwa ubao huu hana haja ya programu ya gharama wala ya safu nyingi na rangi nyingi. Safu tatu zatosha. Lakini juu ya safu ya katikati na aandike namba, iwe tatu au nne, na aiheshimu kama vile fundi wa Koromo alivyoiheshimu idadi ya kadi zake. Kadi na iandikwe kwa jina la tendo linaloweza kukamilika, kwa kuwa mtu akiandika "nyumba" hawezi kujua lini amemaliza, na akiandika "kulipa fundi wa paa" atajua. Kazi mpya isiingie katikati mpaka iliyomo imetoka, hata kama inaombwa na mtu mwenye heshima. Mwenye kuomba aonyeshwe ubao aambiwe kwa adabu ni ipi ingoje. Kadi iliyokwama isiachwe kimya: na itiwe alama, itafutiwe sababu siku ileile, maana mashine ya Sakichi haikusimama ili ipumzike, ilisimama ili uzi uungwe. Na jioni, kabla ya kufunga, mtu ajifanyie hisabu fupi ya yaliyokwisha na yaliyosalia, na zile kadi ambazo kwa muda mrefu hazikuvutwa kutoka safu ya kwanza azifute bila ya majuto, kwa sababu jambo ambalo hakuna siku lililohitajiwa lilikuwa rundo tangu lilipoandikwa.

Wala nisidhaniwe kwamba nawaalika watu waifanye nyumba kuwa kiwanda. Ushahidi wa Kamata watuonya kwamba ubao ukishikwa na mtu asiye na huruma, awe mkubwa wa kazi au nafsi ya mtu mwenyewe, huweza kudai kila dakika ya pumzi. Namba iliyoandikwa juu ya safu ni ulinzi dhidi ya hilo. Inamruhusu mtu kusema, bila ya uongo na bila ya aibu, kwamba kazi ya leo imetimia; inampa saa ya kukaa na wazazi wake, ya kusali na ya kulala, na saa hizo hakuziiba mahali popote, ni haki yake. Miaka mingi ya majaribio, kutoka vitanda vya wafumaji wa Shizuoka hadi simu zilizomo mifukoni mwetu, imethibitisha hukumu moja isiyobadilika: anayeweka mpaka katika anayoyashika humaliza mengi kuliko asiyeweka, na humaliza akiwa mzima. Programu yoyote yaweza kutupa safu na kadi. Namba ni lazima tuiandike sisi wenyewe, na kuitunza ni juu yetu kila siku.